Maradhi Yasiyopiga Hodi

Viungo vingi vya mwanadamu vina ulimi. Jino likitoboka humnyima mtu usingizi. Goti likichakaa hulalamika kila mtu anapoinuka mkekani. Tumbo likiudhiwa husema saa ile ile. Figo hazina ulimi. Zinafanya kazi usiku na mchana nyuma ya mgongo, moja kulia na moja kushoto, na zinaweza kuharibika nusu nzima, hata kupita nusu, pasipo mwenyewe kusikia maumivu yoyote. Maradhi yake huingia ndani ya nyumba bila kupiga hodi, yakakaa miaka, na siku mwenye nyumba anapoyaona, tayari yamekwisha kula akiba yote.

Nimefika umri ambao wenzangu tukikutana barazani, mazungumzo hayapiti dakika kumi kabla ya mtu kutaja maradhi. Tunataja sukari, tunataja presha, tunataja macho na magoti. Figo hatuzitaji mpaka mmoja wetu apelekwe kusafishwa damu kwa mashine. Hapo tunainamisha vichwa na kusema kwamba ni kazi ya Mungu. Naam, ya Mungu ni mengi, wala simkatalii mtu faraja yake. Lakini katika jambo hili nimejifunza kwamba njia inayomfikisha mzee mwenye kisukari kwenye mashine ile ni ndefu, na ina alama zake kando kando kwa yule anayezijua.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha shule za msingi mkoani Tanga kwa miaka 36, nikastaafu mwaka 2016. Kisukari changu kilitambuliwa mwaka 2011. Msomaji mpenzi asinichukulie kuwa ni daktari. Ninayoyasema hapa nimeyapata kwa kuuliza, kwa kusoma, na kwa kukaa kwenye mabenchi ya kliniki nikisubiri jina langu liitwe. Nimeyaandika kwa sababu ya dada yangu, aliyenitangulia kuzaliwa kwa miaka saba, na aliyenitangulia katika maradhi haya pia.

Dada alikuwa muuza vitenge na khanga. Alijulikana sokoni kwa mambo mawili, ukali wa bei na wepesi wa kukopesha. Aliambiwa ana kisukari mwaka 1998, akalipokea jambo lile kama alivyopokea kodi ya soko: halipendezi lakini hulipwa. Kila mwezi alikwenda kliniki. Alitobolewa kidole, sukari ikaandikwa kwenye daftari lake, akapewa vidonge, akarudi dukani. Hakukosa miezi yake. Baada ya mazishi nilikabidhiwa daftari hilo, kwa hakika madaftari matatu yaliyoshonwa pamoja kwa uzi wa kushonea magunia. Niliyafungua ukurasa kwa ukurasa, kama nilivyokuwa nikisahihisha kazi za watoto.

Nilikuta safu ndefu za sukari, za miaka kumi na tisa. Presha nayo ilikuwapo, ingawa si kila mwezi: 150, 158, 165, tena 160. Chini yake hakuna aliyeandika neno lolote. Mkojo ulikuwa umepimwa mara mbili tu katika miaka yote ile, na mara zote mbili kwa kijikaratasi cha kuchovya, na mbele yake pameandikwa "hakuna". Baadaye nilielezwa kwamba kijikaratasi cha kawaida aghalabu huonyesha protini ikiwa imekwisha kuwa nyingi. Hicho kidogo cha mwanzo, kinachohitajiwa kuonekana mapema, hukipita.

Mwaka 2017 likatokea jambo lililotufurahisha wote. Sukari ya dada ilianza kushuka yenyewe. Mtu aliyekuwa akipimwa 13 na 14 sasa alipimwa 6, siku nyingine 5. Wakati huo alikuwa akinywa dawa ya mizizi aliyoletewa na jirani, na jirani akajitwalia sifa zote. "Mdogo wangu, mimi nimepona," aliniambia kwenye simu, na sauti yake ilikuwa ya msichana. Kweli kulikuwa na alfajiri alizoamka akitetemeka, jasho likimtoka, mpaka alambe sukari. Hilo nalo lilihesabiwa kuwa ni dalili ya kupona: mwili umekosa sukari, basi ugonjwa umeondoka.

Ugonjwa ulikuwa haujaondoka. Figo ni mojawapo ya viungo vinavyoiondoa insulini mwilini baada ya kazi yake kwisha, na baadhi ya vidonge vya sukari hutoka kwa njia hiyo hiyo. Figo zinapodhoofika sana, insulini na dawa hukaa mwilini muda mrefu kuliko ilivyotazamiwa, na sukari huanguka. Mzee ambaye sukari yake inashuka bila sababu inayojulikana, naye amekuwa na kisukari kwa miaka mingi, asikimbilie kuchinja kuku wa shukrani. Akapimwe figo kwanza. Katika mambo yote niliyojifunza, hili ndilo ninalotamani lisemwe kwa sauti katika kila baraza, kwa sababu ndilo linalofanana zaidi na habari njema.

Miezi michache baadaye miguu ya dada ilivimba, pumzi ikawa fupi, chakula kikamtia kichefuchefu. Tulipompeleka hospitali tuliambiwa kwamba figo zake zinafanya chini ya sehemu moja katika kumi ya kazi yake. Mwanzoni mwa 2018 alihamia Dar es Salaam kwa binti yake, akaanza kusafishwa damu: mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara. Duka liliuzwa kwanza. Kiwanja kikafuata. Kuna siku nilimkuta amekaa kwenye kiti chake cha mashine akihesabu kwa vidole, nikadhani anasali. Alikuwa akihesabu wadeni wake wa khanga.

Upandikizaji wa figo ulikuwa ndiyo kwanza umeanza nchini. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya wa kwanza Novemba 2017, na kabla ya hapo wagonjwa walipelekwa India. Ndugu tulijadiliana. Mimi nisingeweza kumpa figo yangu, kwa kuwa nami nina kisukari. Ndugu mwingine alijitolea, lakini moyo wa dada nao ulikuwa umechoka, na madaktari wakashauri asipasuliwe. Alifariki mwaka 2019, akiwa na miaka 70.

Basi niliporudi nyumbani na yale madaftari nilikuwa na swali moja. Katika miaka kumi na tisa ile, ni wapi pangewekwa mkono ili kuzuia?

Kwanza yafaa kujua figo ni nini. Kila figo moja ina vichujio vidogo vidogo vipatavyo milioni moja. Kwa siku moja figo mbili huchuja kiasi cha lita 180 za majimaji kutoka katika damu, karibu yote huyarudisha, na kinachobaki, lita moja na nusu hivi, ndicho mkojo. Kichujio kizuri hupitisha maji, chumvi na taka, lakini huzuia protini, kama chujio la nazi linavyopitisha tui na kuzuia machicha. Sukari ikizidi kwa muda mrefu, vichujio hufanyishwa kazi kupita kiasi. Vyumba vyake hujaa shinikizo, kuta zake hunenepa, na matundu yake hulegea. Machicha huanza kupita. Protini ya kwanza kuvuja, tena kwa kiasi kidogo mno, huitwa albumini. Vichujio vikiendelea kuumia hugeuka makovu, na kovu la figo halirudi kuwa kichujio.

Wanasayansi walikawia kuiona hatua hii ya mwanzo. Mwaka 1936 Paul Kimmelstiel na Clifford Wilson walieleza makovu waliyoyaona katika figo za watu waliokuwa na kisukari, lakini hizo zilikuwa figo za maiti. Ilipofika miaka ya 1960, Harry Keen na wenzake huko London walipata njia ya kupima albumini ndogo sana katika mkojo. Mwaka 1984 Carl Erik Mogensen wa Denmark alichapisha utafiti wa watu wa makamo na wazee wenye kisukari cha ukubwani. Wale waliokuwa na albumini kidogo, kidogo kisichoonekana kwa vipimo vya kawaida, ndio waliokuja kuharibikiwa figo na kufa mapema zaidi kuliko wenzao. Kwa hiyo alama ya njiani imejulikana kwa zaidi ya miaka arobaini. Dada alianza kliniki ikiwa imekwisha kujulikana.

Sasa nije kwenye mambo yanayomweka mzee katika hatari. Nimeyagawa mafungu mawili: yasiyo mikononi mwetu, na yaliyo mikononi mwetu.

Lisilo mikononi mwetu la kwanza ni miaka. Kadiri mtu anavyoishi na kisukari ndivyo hatari inavyoongezeka. Katika utafiti mkubwa wa Uingereza ambao matokeo yake juu ya figo yalitolewa mwaka 2003, miaka kumi baada ya kutambuliwa kuwa na kisukari, kama mtu mmoja katika kila wanne alikuwa na albumini katika mkojo au hali mbaya zaidi ya hiyo. Tena miaka hiyo huhesabiwa tangu siku ya kutambuliwa, ilhali kisukari cha ukubwani huweza kuishi na mtu miaka kadhaa kabla ya kutambuliwa. Ndiyo maana mtu mzima anatakiwa apimwe mkojo siku ile ile anapoambiwa ana kisukari, asisubiri.

La pili ni umri wenyewe. Vichujio hupungua kwa kila mzee, hata asiye na ugonjwa. Kisukari kinapomkuta mtu mwenye akiba ndogo, humfilisi mapema.

La tatu ni ukoo. Watafiti wamegundua kwamba katika nyumba yenye ndugu kadhaa wenye kisukari, ikiwa mmoja ameharibikiwa figo, hatari ya wengine nayo huwa kubwa kuliko ya nyumba nyingine. Nilipolisoma hili niliacha kusoma kwa siku mbili. Kabla ya hapo kifo cha dada kilikuwa msiba. Siku hiyo kiligeuka kuwa pia barua iliyoandikwa kwa jina langu.

La nne ni macho. Hili hasa ni ishara zaidi kuliko sababu. Mishipa midogo ya nyuma ya jicho na ile ya figo huumizwa na adui mmoja. Mzee aliyeambiwa kwamba kisukari kimegusa macho yake afahamu kuwa figo nazo zinastahili kutazamwa. Dada alitibiwa macho mwaka 2010.

Ama kuhusu yaliyo mikononi mwetu, la kwanza ni sukari yenyewe, si ya asubuhi moja bali ya miezi. Kipo kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa miezi miwili mitatu. Mwaka 1998 utafiti ule ule wa Uingereza ulionyesha kwamba waliodhibiti sukari kwa ukaribu walipunguza madhara ya mishipa midogo kwa robo. Kwa mzee, hata hivyo, mambo yana kiasi. Kuibana sukari mno humwangusha, na mzee akianguka akavunjika nyonga, figo nzuri hazitamfaa sana. Kiwango kinachomfaa mtu wa miaka arobaini si lazima kimfae wa miaka themanini. Hilo ni la kuelewana na daktari.

La pili ni presha, na hapa ndipo madaftari ya dada yaliponiuma zaidi. Utafiti huo huo ulilinganisha makundi mawili ya wenye kisukari na presha. Kundi moja presha yake ilishushwa hadi wastani wa 144 kwa 82, jingine likabaki kwenye 154 kwa 87. Tofauti ni pointi kumi tu, tofauti ambayo barazani tungeicheka. Lakini madhara ya mishipa midogo yalipungua kwa zaidi ya theluthi. Kila nilipoona 158 na 165 katika ile mistari isiyo na neno chini yake, niliwaza zile pointi kumi.

La tatu ni tumbaku. Sigara huumiza mishipa ile ile, na mwenye kisukari anayevuta huharakisha safari. La nne ni uzito wa tumboni na mafuta mabaya katika damu. La tano ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu tano kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha kuingia jikoni. Sisi wa pwani tuna ng'onda, tuna samaki wa chumvi, na tuna desturi ya kuongeza chumvi mezani kabla ya kuonja. Chumvi huipandisha presha, na presha huzipiga figo.

La sita ni dawa za maumivu. Mzee mwenye sukari huwa pia na magoti. Anakwenda duka la dawa, anauliza cha kutuliza, anapewa diklofenaki au ibuprofeni, anapata nafuu, kesho anarudi. Dawa hizi hupunguza damu inayoingia katika vichujio. Kwa kijana mzima, siku mbili tatu si kitu. Kwa mzee mwenye kisukari, tena anayemeza dawa ya presha na ya kukojoza, akazitumia mfululizo, au akazitumia siku ambazo anaharisha na kutapika na mwili umekauka maji, figo zinaweza kuanguka kwa ghafla. Muuza dawa wetu mtaani ni kijana mwenye adabu. Aliponiuliza, "Mzee, nikuongezee za magoti?" nilimwambia, "Mwanangu, magoti yanauma lakini yanasema. Niuzie parasetamoli." Alicheka, kisha akaniuliza maana yake, nikamweleza. Tangu hapo huwauliza wazee kama wana sukari kabla ya kuwapa.

La saba ni mitishamba ya siri. Siidharau miti, babu zangu walitibiwa kwa miti. Lakini dawa isiyojulikana jina wala kipimo, inayonywewa miezi kwa miezi, hupita katika vichujio vile vile, na ipo mizizi inayojulikana kuwa ni sumu kwa figo. Na la nane, kwa sisi wanaume, ni tezi dume. Ikivimba ikazuia mkojo, mkojo hurudi nyuma na kuzilemea figo. Wengi wetu tunaona aibu kulitaja, tunaamka mara tano usiku na kusema ni uzee.

Hilo neno "ni uzee" nimelitafakari sana. Linafaraji, lakini pia ni pazia. Miguu ikivimba, ni uzee. Mkojo ukitoa povu, ni uzee. Uchovu, ni uzee. Mwili ukiwasha, ni uzee. Tunalitumia sisi wenyewe, na wakati mwingine hutumiwa na wanaotutibu. Uzee upo, siukatai. Lakini hauna haki ya kubeba mizigo ya kila mtu.

Mwaka ule ule wa 2019, baada ya arobaini ya dada, nilikwenda kliniki nikiomba kipimo cha albumini. Daktari alikuwa binti wa rika la wanafunzi wangu wa mwisho. Hakuudhika kuulizwa. Alisema, "Mwalimu, niletee mkojo wa kwanza wa asubuhi. Usije siku yenye homa, wala siku uliyofanya kazi nzito, maana vinaweza kutudanganya." Nikapanda daladala na kichupa changu nimekifunga kwa gazeti, kisha kwa mfuko, kisha nikakiweka ndani ya mkoba wa vitabu. Nilikaa kama mtu aliyebeba bomu. Wazee tuna haya juu ya mkojo, na haya hii nayo ingefaa kuhesabiwa miongoni mwa hatari.

Jibu lilikuwa 48. Kipimo hiki husomwa kwa miligramu za albumini kwa kila gramu ya kreatinini. Chini ya 30 ni kawaida. Kutoka 30 hadi 300 ni ile hatua ya mwanzo. Kupita 300 maradhi yamekomaa. Daktari hakunihukumu kwa jibu moja. Hupimwa tena ndani ya miezi mitatu hadi sita, na majibu mawili kati ya matatu ndiyo huamua. La pili lilikuwa 27, nikalala usingizi mzuri. La tatu lilikuwa 61.

Alinipima pia kreatinini ya damu ili akadirie kasi ya vichujio. Hapo aliniambia jambo linalowahusu wazee hasa. Kreatinini hutoka kwenye misuli. Mzee aliyekonda, misuli imekwisha, huweza kuonyesha kreatinini inayopendeza ilhali figo zake ni dhaifu. Kwa hiyo namba moja peke yake haitoshi. Kasi ikadiriwe kwa kuzingatia umri, na mkojo upimwe pia. Kasi ikiwa chini ya 60 kwa miezi mitatu na zaidi huhesabiwa kuwa ni maradhi ya figo. Yangu ilikuwa 71.

Nilianzishiwa losartani. Ni dawa ya presha, lakini kwa mwenye albumini ina kazi ya ziada ya kupunguza shinikizo ndani ya vichujio vyenyewe. Tafiti zilizotolewa mwaka 2001 zilithibitisha kwamba dawa za jamii hii huchelewesha kuharibika kwa figo za wenye kisukari cha ukubwani. Zipo mpya zaidi. Kuanzia mwaka 2015 na hasa 2019 na 2020 ilionekana kwamba dawa zinazoitoa sukari kupitia mkojo, kama kanagliflozini na dapagliflozini, huzilinda figo kwa kiasi kikubwa, na mwaka 2024 sindano ya semaglutaidi nayo ilionyeshwa kusaidia. Si kila mstaafu anaweza kuzinunua. Losartani, kupunguza chumvi, kuacha diklofenaki, na kutembea jioni mpaka mnazi wa tatu na kurudi, hayo nimeyaweza kwa pensheni yangu. Mwaka 2023 albumini yangu ilikuwa 26, na mwaka 2024 ilikuwa 33. Sijapona, wala sijaambiwa nimepona. Niko hatua ya mwanzo, na kila mwaka ninaobaki hapo ni mwaka ambao sikuuza kiwanja.

Mwaka 1989, watafiti walipopima vijiji vya Tanzania, hawakupata hata mtu mmoja kamili mwenye kisukari katika kila watu wazima 100. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012, uliowapima wenye miaka 25 hadi 64, ulikuta kama 9 katika 100. Njia za upimaji hazikuwa zile zile, lakini mwelekeo hauhitaji mwalimu wa hesabu. Waliokuwa na miaka arobaini wakati huo sasa wanaingia uzeeni na sukari zao. Mashine za kusafisha damu zimeongezeka nchini, na hilo ni jema. Hata hivyo mashine haiwezi kuwa ndiyo mpango wetu, kwa kuwa kikombe cha mkojo ni rahisi mno kuliko mwezi mmoja wa mashine.

Katika kikao cha ukoo baada ya arobaini niliwaambia ndugu zangu yote haya. Tumebaki watano. Watatu tuna kisukari, na mmoja katika hao alikigundua kwa sababu ya kikao kile. Wawili tunapima mkojo kila mwaka. Wa tatu, mdogo wetu wa mwisho, fundi seremala mwenye mikono kama mizizi ya mwembe, hajapima mpaka leo ninapoandika. Ana miaka 61, na sukari yake ana nayo tangu 2014. Kila nikimuuliza hunijibu kwa upole, "Kaka, mimi siumwi popote."

Sijui kumjibu vizuri, kwa sababu hasemi uongo. Haumwi popote. Dada naye hakuwa akiumwa popote, mpaka mwaka ambao alidhani amepona. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini walisema hivyo juu ya ufa unaoonekana. Huu wa figo hauonekani kwa jicho, na mtu hawezi kulaumiwa kwa kutoona. Anaweza tu kuulizwa, tena na tena, na mtu anayempenda. Kwa hiyo kila Januari ninapokwenda kuchukua kichupa changu huchukua viwili. Kimoja nakipitisha karakana kwake, nakiweka juu ya meza ya randa, tunazungumza habari za mbao na watoto, kisha naaga. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, hakunirudishia.